Baiskeli Iliyobatizwa kwa Mdomo

Siku tuliyomzika Wendelini Mapunda, mwanawe George alisoma wasifu wa marehemu kutoka kwenye karatasi aliyoandikiwa na mtu wa parokia. Alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akajaliwa watoto sita, alikuwa fundi na muuzaji wa baiskeli, hakuwahi kugombana na mtu wala kufikishwa mbele ya sheria. Nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama wenzangu, nikaguna. Mama Beata akanifinya paja. Nikaguna tena.

Sina ugomvi na George. Lakini kuna uongo unaompunguza marehemu badala ya kumpamba. Wendelini alifikishwa mbele ya sheria, tena na mwanamke muuza mchele, na akashindwa mchana kweupe. Mimi nilikuwa shahidi wake. Katika miaka yote niliyokaa naye baraza moja, hakuna siku niliyomheshimu kama ile, na hakuna siku niliyojidharau mwenyewe kama ile.

Mimi ni Skolastika, fundi cherehani. Baraza yetu ilikuwa Mfaranyaki, hapa hapa Songea. Cherehani yangu ilikaa upande wa kushoto, baiskeli zake upande wa kulia, na mbele yetu ulipita mtaro wa maji ya mvua ambao kila mwaka tuligombana nani ausafishe. Alinizidi umri kwa miaka kumi na kitu, kwa hiyo nilimwita kaka. Alikuwa mrefu, mwembamba kama mti wa bendera, na bahili wa maneno. Ukimsalimia asubuhi, jibu la "hujambo" ulikuwa unaweza kulipata saa nne.

Ufundi aliupata Hanga. Ujanani alikwenda kufyatua matofali ya watawa, bruda mmoja akauona utulivu wa mkono wake, akamtia karakana. Bruda yule alikuwa na amri moja: fundi hakabidhi kitu mpaka kwanza akiamini kwa mwili wake mwenyewe. Ukitengeneza ngazi, panda wewe. Ukitengeneza kiti, kaa wewe. Wendelini alirudi mjini na amri hiyo kama wengine wanavyorudi na suruali mpya.

Kwa hiyo baiskeli ya Wendelini haikutoka barazani hivi hivi. Kwanza alimuuliza mwenye nayo itabeba nini. Kama ni mahindi, alifunga mahindi kwenye keria. Kama ni mke na mtoto, alijaza mchanga kwenye mifuko mpaka uzito ulingane, na wake za watu hawakufurahi kupimwa kwa mchanga mbele ya wapita njia. Halafu aliipanda mwenyewe, akateremka mteremko wote wa Matarawe, akarudi anatweta. Aliigeuza miguu juu, akapitisha ukucha kila palipochomelewa. Mwisho alichukua msumari, akatazama kalenda ya parokia iliyokuwa ukutani, akakwaruza chini ya kiti tarehe na jina la mtakatifu wa siku ile.

Watu wakasema anabatiza baiskeli. Mwanzoni walikuwa wanamcheka, wenye maneno hawakosekani. Baadaye neno likakomaa likawa la mji mzima. Hata Waislamu wa Namtumbo waliokuja kutafuta baiskeli baada ya kuuza tumbaku walikuwa na swali hilo hilo moja: imebatizwa? Wendelini akisema imebatizwa, mtu anatoa fedha hata kengele hajaigusa.

Ikaja miaka ya ruksa. Waliokuwa wakubwa wakati ule wanakumbuka: zamani baiskeli mpya uliipata kwa kibali na kwa kujuana, sasa zikaanza kuja kwa maboksi, nyekundu, bluu, zinang'aa kama sufuria la bibi harusi. Redio, taa, pasi, kila kitu kilikuja, na kila kitu kilikuwa na ndugu yake wa bandia. George, kijana wa mjini, akaenda Dar es Salaam akarudi na baiskeli kumi na mbili zenye nembo ya ndege wa mkia mrefu ambaye hakuna aliyewahi kumwona porini. Alirudi pia na elimu ya Kariakoo. Akachukua kipande cha ubao, akaandika kwa rangi nyekundu MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI, akakipigilia juu ya mlango.

Wendelini alikisoma kibao, akamuuliza mwanawe amegombana na nani. George akasema ndiyo biashara ya siku hizi, maduka yote yanacho. Kibao kikabaki.

Sasa niseme habari ya goti, maana bila goti hamtaelewa.

Mwezi wa kwanza, mwaka tisini na tatu, goti lake la kulia lilivimba. Alikuwa anakuja nyuma ya pazia langu wakati wa chakula cha mchana, namkanda kwa kitambaa cha maji ya moto na chumvi, anauma meno. Aliniapisha nisimwambie mtu. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema hili ni goti tu, Skolastika, wala si kifo. Kumbe alichokuwa anaficha ni uzee. Mtu mzima mwenye miaka sitini na ushei, mji mzima unamjua kwa kupanda baiskeli zenye mizigo, ataanzaje kusema hawezi? Nilimshauri ampe George kazi ya kujaribu. Akakataa. Akimpa George lazima aseme sababu.

Basi akaanza kubatiza akiwa amekaa. Alikandamiza usukani kwa mikono, akazungusha magurudumu, akapitisha ukucha, akachukua msumari. Mimi niliona. Nilikuwa nashona, lakini macho ya fundi cherehani hayatazami sindano muda wote.

Tarehe kumi mwezi wa pili ni sikukuu ya somo wangu, Mtakatifu Skolastika. Siku hiyo ndiyo alikuja Mwanaheri. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Nakapanya, amehamia Mshangano baada ya kuachika. Kazi yake kupokea magunia ya mchele wa Tunduru kutoka kwenye malori na kuusambaza majumbani. Wanawake wa kupanda baiskeli mjini wakati ule ulikuwa unawahesabu kwa vidole, naye alikuwa kidole gumba. Akavua kandambili kabla ya kupanda barazani, akatoa shikamoo kwa mzee, akanipa na mimi, ingawa sikuona kama nimefikia huko.

Alieleza shida yake wazi kabisa. Mwezi mtukufu ulikuwa umekaribia, zimebaki wiki mbili hazijatimia. Mchele ungetoka sana, na pesa ya mwezi ule mmoja ndiyo ilikuwa imlipie kodi ya nyumba ya mwaka mzima. Alitaka baiskeli ya kubeba gunia zima, si nusu. Alisema yeye fremu haijui, chuma hakijui, anamtegemea mzee amchagulie. Wendelini akamwonyesha nyekundu.

"Imebatizwa, baba?" akauliza.

Wendelini alinitazama mimi. Sekunde moja tu. Halafu akamtazama yeye, akasema, "Imebatizwa."

Ningeweza kukohoa. Ningeweza kusema, kaka, ile bado. Nilikanyaga cherehani ikapiga kelele, nikajifanya pindo limenishinda.

Akachukua msumari. Kwa heshima akamuuliza Mwanaheri kama aandike mtakatifu au tarehe peke yake, kwa kuwa yeye ni Mwislamu. Mwanaheri akacheka. "Andika tu, baba. Huyo mtakatifu hali mchele wangu." Akakwaruza: 10.2.93, Skolastika. Jina langu. Baiskeli ambayo haikupandwa hata hatua moja iliondoka Mfaranyaki na jina langu chini ya kiti.

Siku ya sita ya mfungo, asubuhi, Mwanaheri aliteremka Matarawe na gunia nyuma. Uma wa mbele, wenyewe mafundi wanauita foku, ukakatika pale ulipochomelewa. Gurudumu likaenda zake, baiskeli ikachoma pua ardhini, gunia likampita juu ya kichwa. Mkono wa kushoto ulivunjika mahali pawili. Mchele ukamwagika kwenye matope, na Ramadhani yake ikaishia hapo.

Wendelini alikwenda hospitali siku hiyo hiyo, anachechemea, na mimi nikamfuata na uji. George naye alikuja. Mwanaheri alikuwa amelala na mkono uliofungwa plasta, mdomo umevimba. Hakupiga kelele. Alimuuliza mzee jambo moja: "Baba, uliipanda?"

Nilisubiri. Mzee akainama kulitazama goti lake. George akadakia, akaanza kueleza kwamba gunia zima ni mzigo mkubwa, na barabara ile ina mashimo, na baiskeli ikishatoka dukani imetoka, kibao kipo mlangoni hata kipofu anakiona. Tena kosa kama lipo ni la kiwanda. Amshitaki aliyeitengeneza huko ng'ambo.

Mwanaheri alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia nikinunua hata kiberiti. "Mimi huyo wa ng'ambo simjui, kaka George. Sikununua kwake. Nilinunua kwa baba."

Alipotoka hospitali akaenda mahakamani, karani akamwandikia madai. Alidai baiskeli, gharama za matibabu na hasara ya mwezi ule. Karatasi ya kuitwa ilipofika barazani, George aliisoma kwa sauti akacheka. Wendelini hakucheka. Siku ile aliunganisha baiskeli ya mteja akasahau kufunga mnyororo.

Sasa aibu yangu. George alinifuata nyumbani na kilo ya sukari. Akasema mama mdogo, pale hospitali baba hakujibu, nikajua hakuipanda; wewe ulikuwepo, utasema ulimwona baba akiipanda mpaka Matarawe na kurudi. Hakuna mwingine anayejua. Wakisikia kwamba hakuipanda, kila mwenye baiskeli ya Wendelini ataanza kujiuliza kuhusu yake, na baraza itafungwa. Nilikubali. Sitajipamba. Sikukubali kwa sababu ya sukari, ingawa niliipokea. Nilikubali kwa sababu nilimpenda yule mzee, nami niliona bora niungue motoni kidogo kuliko yeye atazamwe vibaya sokoni. Wendelini hakuambiwa. Aliambiwa tu kwamba Skolastika atakuja kueleza desturi ya ubatizo.

Siku ya kesi, mashahidi tulikaa nje kwenye benchi, maana shahidi haruhusiwi kusikia wenzake. Kwa hiyo hili nitakalosimulia nililisikia baadaye kwa watu waliokuwa ndani, nao wako wengi, chumba kilijaa.

Mwanaheri alieleza yake kwa mkono mmoja. Alikuja na kile kiti cha baiskeli kwenye kikapu, akakipindua mbele ya hakimu. Hakimu alikuwa mgeni, mtu wa Tanga, hana hata mwaka Songea. Akasoma lile jina, akasikia neno ubatizo, akavua miwani. Akauliza kama baiskeli za huku hubatizwa na padri. Watu wakacheka mpaka karani akagonga meza. George, aliyeruhusiwa kumsaidia baba yake kujieleza, akaona mlango umefunguka, akapita. Akasema ni utani tu, mheshimiwa, sisi Wangoni ni watu wa utani. Neno halina maana yoyote. Kilichoandikwa ni kile cha kibaoni.

Wanasema hapo ndipo Wendelini aliposimama. Alichukua muda kusimama, akishika meza.

"Si utani," akasema. "Hilo neno ni langu, na maana yake ni kwamba nimeipanda mimi mwenyewe na mzigo wa mwenye nayo, mpaka Matarawe na kurudi. Hii sikuipanda. Goti lilinikatalia, nikaona haya kusema. Jina nililikwaruza nikiwa nimekaa."

Hakimu akamuuliza kama anaelewa anachosema. Akajibu anaelewa. Akamuuliza kama ana shahidi. Akasema yupo nje lakini hana haja naye tena. Hakimu akasema yeye anayo haja, anataka asikie kwa mtu mwingine huo ubatizo ni kitu gani. Niitwe.

Nikaitwa.

Niliingia na kitenge changu kizuri, nikashika Biblia, nikaapa. Hakimu akaniuliza kubatiza baiskeli maana yake nini. Hapo niliongea, ndugu zangu. Nilieleza habari ya bruda wa Hanga, mifuko ya mchanga, ukucha, msumari, kalenda. Nilieleza vizuri mpaka hakimu akawa anaandika huku anaitikia kwa kichwa. Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu. Lakini nilikuwa nimebeba mzigo wangu na nilitaka kuutua.

"Na hii nyekundu," nikasema bila kuulizwa, "niliona kwa macho yangu haya mawili. Aliipanda. Alirudi anatoka jasho."

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru kama wangecheka. Nilimwona George anatazama dari. Nilimwona Mwanaheri ananitazama kwa huruma, huruma, siyo hasira. Wendelini alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mama," hakimu akasema taratibu, "mwenyewe ameshasema hakuipanda."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kuliko zote, ilianzia mlangoni ikaishia kizimbani. Nilitamani sakafu ya saruji inimeze. Hakimu akanieleza kwamba angeweza kuniweka ndani kwa kusema uongo baada ya kiapo, na mahabusu haikuwa mbali. Wendelini akaomba ruhusa kusema. Akasema mheshimiwa, huyu mlongo wangu, dada yangu huyu, amekosea kwa ajili yangu, na uongo wenyewe nilimfundisha mimi, tangu siku ile niliposema imebatizwa naye anasikia. Hakimu akaweka kalamu chini. Akaniambia nikakae, na nikifika nyumbani nimshukuru Mungu wangu.

Hukumu aliisoma wiki iliyofuata, kwa Kiswahili ambacho hata sisi wa sindano tulikielewa. Alisema mtu akienda kwa muuzaji anayeijua kazi yake, akamweleza kitu anakitaka kwa kazi gani, akamtegemea amchagulie, basi kitu hicho lazima kiifae kazi hiyo. Kisipofaa, muuzaji anawajibika, hata kama hakujua ubovu. Fundi aliyelikagua lile foku alikuta ufa wa zamani ndani ya kiungo, umefunikwa rangi. Huenda hata kama mzee angeipanda siku ile usingeonekana. Bado angewajibika. Kuhusu gunia kuwa zito, mnunuzi alilitaja gunia kabla ya kununua. Na kuhusu kibao, kibao kile kinamhusu mtu anayebadili nia akifika nyumbani, hakimhusu aliyeuziwa kitu kibovu tangu dukani. Tena kama kibao kinasema hivi na mdomo wa mwenye duka unasema vile, mnunuzi ana haki ya kuamini mdomo. Wendelini alipe matibabu na hasara, na atoe baiskeli nyingine nzima. Kama ana lake na aliyemuuzia huko Dar es Salaam, njia iko wazi.

Tulirudi kwa miguu, taratibu kwa sababu ya goti. Mimi nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikai tumboni. Nikamwambia umesikia? Hata kama usingekiri ungeshindwa tu. Umejivua nguo mbele ya mji mzima bure.

Alitembea mpaka tukapita kanisa, nikadhani jibu nitalipata kesho saa nne. Halafu akasema, "Sheria ilikuwa inauliza habari ya foku, Skolastika. Yule binti alikuwa anauliza kama niliipanda."

Nikampa bega langu alishike, tukaendelea na njia.

Msidhani mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Kwa miezi kadhaa watu walipita barazani wakiuliza "imebatizwa?" kwa sauti ya kejeli, hata wasio na haja ya baiskeli. Wateja walipungua kweli, George hakukosea. Ili amlipe Mwanaheri, mzee aliuza ng'ombe wake wawili. Zile baiskeli za nembo ya ndege zilizobaki alizifunga mawe kwenye keria, akamlazimisha George azisukume kwenye mashimo mbele ya macho yake. Mbili zikakatika foku kama muwa. Akamtuma George na vipande vile Kariakoo, kwa muuzaji wao. Muuzaji alitoa risiti, akaonyesha mhuri uliokuwa chini yake: mali ikiuzwa hairudishwi. George alirudi mpole. Hakumweleza baba yake kwa urefu, aliingia tu, akachukua nyundo, akakitoa kile kibao juu ya mlango. Njia ya hakimu ilikuwa wazi, ndiyo, lakini ilikuwa ndefu na nauli ilikuwa imekwisha. Zile mbili Wendelini alizikatakata kwa msumeno ili mtu asije akaziunga na kuziuza tena.

Neno ubatizo hakulitamka tena. Kalenda ilibaki ukutani, msumari ukapata kutu kwenye kopo.

Mwezi wa kumi, mvua hazijaanza, Mwanaheri alikuja kuchukua baiskeli ambayo mahakama iliamuru apewe. Plasta ilikuwa imetoka siku nyingi, mkono umepona, ila kiwiko hakikunyooka sawasawa. Mzee alikuwa amemtengenezea moja kwa fremu ya zamani nzito, na kila kiungo alikuwa amekichomelea mwenyewe, mwezi mzima. Mwanaheri akavua kandambili, akatoa shikamoo. Kwangu pia akatoa, na mimi nilipokea huku nikitazama sindano.

Aliipindua baiskeli, akatazama chini ya kiti. Hapakuwa na kitu. Hakuuliza lile swali. Aliisimamisha, akaitoa barabarani, akashika usukani kwa mikono miwili, mzima na wa kiwiko kibovu.

"Panda nyuma, baba," akasema.

Mzee hakuelewa. Mimi nilielewa kwanza, nikaacha kukanyaga cherehani.

"Goti lako halipandi, si ulisema? Mimi nitaendesha. Wewe uwe gunia."

Wendelini alitazama barabara. Watu walianza kusimama. Mzee wa heshima zake, kubebwa kwenye keria na mwanamke, katikati ya Mfaranyaki, mchana. Nilijua anavyoona haya, maana haya hizo hizo ndizo zilizotufikisha mahakamani. Akavua kofia, akaniachia. Akapanda akakaa upande, goti bovu kalinyoosha mbele kama jembe, akashika keria kwa mikono miwili.

Wakaondoka. Nilisimama barazani nikawatazama mpaka kwenye kona ya Matarawe, na pale mteremko unapoanza nikafumba macho. Sikusali kwa mtakatifu, nilisali kwa foku. Nilisubiri kusikia mshindo. Nilichosikia ni breki, mbali, halafu kimya, halafu watu wanapiga vigelegele.

Walirudi wakiisukuma wote wawili, mmoja anachechemea, mwingine kiwiko upande, wanatweta kama waliotoka kupasua kuni. Wendelini alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi, na alikuwa anacheka, na mimi nikalia, sijui kwa nini, nikasingizia vumbi.

Mwanaheri aliigeuza baiskeli miguu juu, akaomba msumari. Nikautafuta kwenye kopo, nikampa. Akauliza leo ni siku ya nani. Mzee akaenda kwenye kalenda, akasoma jina la mtakatifu wa siku ile.

"Huyo simjui," Mwanaheri akasema. "Nikianguka nitamtafuta wapi?"

Akainama, akakwaruza kwa herufi kubwa zilizopinda kwa sababu ya kile kiwiko: WENDELINI. Akafikiri kidogo, kisha chini yake akaongeza: MFARANYAKI.